Wiki Nne Nilizozificha

Daktari wa altrasaundi aliniuliza swali moja tu la maana siku ile, nami nikamjibu uongo. Nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda chembamba cha kituo cha vipimo kule Mbagala, tumbo limepakwa ute wa baridi. Mama mkwe wangu alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na miguu yangu, ncha ya mtandio ameiuma kwa meno, kama afanyavyo akiwa na wasiwasi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa bara kwa lafudhi yake, asiyependa maneno mengi. Alipima kichwa cha mtoto, akapima tumbo, akapima mfupa wa paja, akarudi tena kwenye tumbo. Kisha akachukua kadi yangu ya kliniki, akaisoma, akanitazama.

“Hii tarehe ya hedhi ya mwisho, una uhakika nayo?”

Nilimwona mama mkwe akiutoa mtandio mdomoni.

“Ndiyo,” nikasema.

Tarehe ile ilikuwa ya uongo kwa mwezi mzima, na mle chumbani tuliokuwa tunajua hivyo tulikuwa wawili.

Mimba yangu ya kwanza niliitangaza. Nilikuwa bibi harusi mpya, mwalimu wa hisabati wa darasa la nne katika shule moja ya msingi huku kwetu Chamazi, na sikuona sababu ya kuficha neema. Nilipopigwa altrasaundi niliipiga picha ile karatasi nikairusha kwenye status ya simu. Ilikuwa picha ya kijivu tu ambayo hata mimi mwenyewe nilionyeshwa kwa kalamu kichwa kiko wapi, lakini pongezi zilimiminika hadi simu ikaishiwa chaji. Miezi saba ilipotimia, mtoto aliacha kucheza. Nilimzaa akiwa kimya, wa kiume. Wale wale walionipongeza ndio waliokuja kunipa pole, na wengine walinipa pole huku wakinichungulia tumbo kama vile kuna kitu nimekibakiza.

Mama mkwe hakunilaumu hata kwa neno moja. Alinikanda kwa maji ya moto siku zote arobaini, na arobaini ilipokwisha akanikalisha kwenye mkeka uani.

“Mwanangu, mimba haitangazwi,” aliniambia. “Mungu akikupa nyingine, miezi yake tutaijua mie na wewe na Yeye aliyeitia.”

Kwao, watu wa pwani wa tangu na tangu, hilo si jambo la ajabu. Mwanamke akiulizwa ana miezi mingapi hupunguza mmoja au miwili, ili watu wakija kuanza kumtazamia, awe ameshajifungua na kuoga. Husuda haimpati mtu ambaye siku yake haijulikani. Mimi nililelewa Ukonga na wazazi waliotoka Tabora, na kwetu miezi ilitajwa sebuleni mchana kweupe. Lakini mtu aliyewahi kurudi nyumbani kutoka leba mikono mitupu habishani sana. Ningeambiwa nitembee kinyumenyume mpaka Kongowe ningetembea.

Mimba ya pili ilipokuja, nilikuwa na uhakika na tarehe yake kuliko nilivyokuwa na uhakika na siku yangu ya kuzaliwa. Siku nne za mwisho za Ramadhani sikufunga, kwa sababu nilikuwa kwenye siku zangu, na hizo nne nilikuwa bado sijazilipa. Baada ya hapo sikuona tena. Nilianza kliniki nikiwa nimechelewa, kwa ushauri wa yule yule mama, kwenye zahanati ya mtaani. Muuguzi alipouliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, mhudumu mmoja alikuwa anadeki pale pale mlangoni, na huyo mhudumu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alijibu kwa niaba yangu. Aliisogeza mwezi mzima mbele, akataja na siku, bila kupepesa macho. Muuguzi akaandika kwa wino.

Mimi ninayewaambia watoto kila siku waonyeshe njia, wasinakili jibu la jirani, nilikaa kimya. Tulipofika nje tulicheka mpaka tukashikana mikono. Na kila mwezi muuguzi aliponipima tumbo kwa utepe, kipimo kiliangukia pale pale kwenye tarehe ya uongo, naye akatia alama ya vema. Sikujiuliza inakuwaje tumbo nalo linajua kuongopa. Nilikuwa na watoto wanaojiandaa na mtihani wa taifa wa darasa la nne, madaftari sabini na kitu ya kusahihisha kila siku, na nilikuwa na furaha. Furaha inamfanya mtu mzima kuwa mjinga.

Mwezi ule muuguzi alikuwa ameona presha yangu imepanda kidogo, akakumbuka na yule mtoto wa kwanza, akaniandikia altrasaundi. Ndiyo maana tulikuwa Mbagala.

Daktari alichapisha karatasi, akanifuta tumbo. “Wiki ishirini na nane na siku mbili,” alisema. “Inaendana na tarehe zako. Tumbo la mtoto naliona dogo kidogo ukilinganisha na kichwa, lakini kwa umri huu bado si la kutisha. Rudi baada ya wiki nne tumwangalie tena.”

Mama mkwe alitoka mle ndani akiwa mwepesi kama aliyetuliwa ndoo. Alininunulia chungwa la kumenywa kwa kijana wa toroli, tukakaa kwenye benchi la nje ya kituo kusubiri jua lipungue. “Umeona?” akaninong'oneza, ananipiga bega. “Hata mashine imekubali!”

Nikacheka. Naomba hilo lieleweke, kwamba nilicheka. Nilikuwa na kipande cha chungwa mdomoni, na ile karatasi mapajani, na nikawa naisoma kwa mazoea tu, kama ninavyosoma hata karatasi ya maandazi. Kichwa, wiki kadhaa. Tumbo, wiki kadhaa. Paja, wiki kadhaa. Chini kabisa, ishirini na nane na siku mbili.

Ndipo hesabu ilipokaa sawa kichwani, na chungwa nikalitema kiganjani.

Kadi tuliweza kuidanganya. Muuguzi tuliweza kumdanganya. Lakini mfupa wa paja la mtoto haukuwepo zahanati siku ile, haukuisikia tarehe aliyoitaja mama. Mashine ilikuwa imepima mfupa. Nilianza kuhesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea, kuanzia Idi, wiki kwa wiki, na nikafika thelathini na mbili. Nikarudia, nikijiambia nimeruka mahali. Thelathini na mbili. Mtoto wangu alikuwa na wiki thelathini na mbili, na mwili wake ulikuwa wa wiki ishirini na nane. Mwezi mzima aliopaswa kukua haukuwepo mwilini mwake.

Nikakumbuka na jambo jingine ambalo nilikuwa nimelifukia. Kwa wiki mbili mtoto alikuwa amepunguza kucheza. Jioni nikilala ubavu alikuwa ananipiga mateke hadi kanga inatikisika, na siku hizi alikuwa anajigeuza mara moja, mbili, kisha kimya. Nilikuwa nimejiambia amekuwa mkubwa, nafasi imembana. Hakuwa mkubwa. Karatasi ilikuwa inasema nafasi anayo tele.

“Mama,” nikasema, “mtoto hakui.”

“Nani kasema? Daktari si kasema yuko sawa!”

“Kasema yuko sawa kwa mtoto wa miezi sita na nusu. Mie nina miezi saba imepita, mama. Wewe unajua.”

Niliona anahesabu na yeye, kwa midomo. Kisha akafanya kile wanachofanya watu wakiogopa, akasimama na kukung'uta dera lake. “Twende nyumbani. Watoto wa ukoo wetu huzaliwa wadogo. Mume wako mwenyewe alizaliwa kama kifaranga. Ukirudi mle ndani ukasema tuliongopa, atatuona watu gani? Na mwanangu yuko safari, hayupo wa kukusemea.”

Mume wangu ni dereva wa lori, na wiki ile alikuwa njiani kwenda Kongo.

Mimi nina hasira, nimeambiwa hivyo tangu utotoni. Lakini ile iliyonipanda pale kwenye benchi sikuwa nimewahi kuijua, na ninapoikumbuka masikio bado yanapata moto. Nilikuwa naogopa, na mbele yangu kuna mtu ananiambia habari ya kuonekana. “Nenda wewe,” nilimwambia, na sikusema mama. Nikarudi ndani peke yangu.

Mlango wa chumba cha altrasaundi ulikuwa umefungwa. Dada wa mapokezi akaniambia kuna mgonjwa ndani, na daktari akimaliza huyo anaondoka, anasubiriwa kituo kingine Kinondoni, nirudi kesho kutwa. Nikamwambia nitasubiri. Akasema hataniona. Nikasimama mbele ya mlango wenyewe, tumbo limeugusa, ili atakayetoka lazima anipitie. Yule mgonjwa alikaa mle ndani, kwa hesabu yangu ya siku ile, mwaka. Niliweka mkono tumboni na kumwomba mtoto apige teke moja tu. Hakupiga.

Daktari alipotoka na mkoba begani, nilimwambia pale pale mlangoni, dada wa mapokezi akisikia. “Daktari, tarehe niliyokupa si kweli. Nina wiki thelathini na mbili.”

“Nimekuuliza,” alisema.

“Najua.”

“Mume wako anafanya kazi gani?”

“Dereva wa lori. Anakwenda nje.”

Akatikisa kichwa taratibu. “Nimeona tarehe nyingi zikibadilishwa, mama. Kila moja na sababu yake.”

Nilielewa anachofikiri, kwamba mimba si ya mume. Nilikuwa na jibu tayari, jibu ambalo mwalimu hatakiwi hata kulijua, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nilimweleza habari ya Ramadhani, na zile siku nne ninazodaiwa na Mungu, na desturi ya mama mkwe. Nilieleza vibaya, kwa kurukaruka, na machozi yalianza kunitoka nikiwa bado nina hasira, jambo ambalo linaniudhi kuliko yote. “Kama unaona naongopa,” nikamwambia, “basi niongope nikiwa nimelala pale kitandani, wewe unamwangalia mtoto.”

Aliangalia saa yake. Akautua mkoba.

Safari hii hakupima mifupa. Aliitafuta kamba ya kitovu, ile inayomuunga mtoto na kondo la nyuma, akabonyeza kitu, na kwenye kijivu kikatokea rangi nyekundu na rangi ya bluu zinazocheza. Aliita kipimo hicho Dopla. Spika ya mashine ikaanza kutoa sauti, shwaa, shwaa, shwaa, na chini ya kioo kikachoreka kitu kama meno ya msumeno. Nikatulia nikidhani hiyo sauti ni habari njema. Damu inakwenda, nikasema moyoni, si inasikika?

Daktari hakutulia. Alichagua sehemu nyingine ya kitovu, akasikiliza tena. Akachagua ya tatu.

“Unaona haya?” aliniuliza, akiugeuza mtambo upande wangu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. “Moyo wa mtoto ukipiga, damu inapanda. Hapa. Moyo ukipumzika, damu inatakiwa ipungue lakini iendelee kwenda, isikatike. Huyu wako, moyo ukipumzika, damu inasimama.” Aliweka kidole katikati ya meno mawili ya msumeno, mahali palipokuwa patupu. “Kondo limechoka. Halimlishi vya kutosha. Kichwa anakitunza, tumbo ndiyo linalokonda.”

“Na ile ya kwanza? Uliyosema inaendana?”

“Iliendana na uongo,” alisema, bila ukali. “Ningekuona baada ya wiki nne.”

Aliandika barua kwa mkono, haraka, kurasa mbili, akapiga simu kwa mtu hospitali kubwa ya mjini. Akaniambia nisipite nyumbani hata kuchukua kanga.

Nje, mama mkwe alikuwa bado amekaa kwenye benchi. Hakuniuliza kitu. Aliona bahasha mkononi mwangu, akasimamisha bajaji, akapanda baada yangu, akaupakata mkoba wangu njia nzima. Hatukusemezana kuanzia Mbagala mpaka getini hospitali.

Walinilaza. Muuguzi wa zamu aliyenipokea, mama mtu mzima mwenye miwani, alisoma kadi, akasoma barua, akaziweka pamoja akaguna. “Mwalimu mzima! Hujui mficha uchi hazai?” Nikamwambia najua, sista. Akanidunga sindano ya kwanza ya kukomaza mapafu ya mtoto, na akaniambia kuna nyingine kesho yake. Kila asubuhi nilipelekwa kupimwa Dopla. Nilijifunza kuisoma mwenyewe. Siku ya kwanza patupu palikuwa patupu. Siku ya pili vile vile. Nilikuwa nalala ubavu wa kushoto kama nilivyoagizwa, nikihesabu mateke, na mateke yalikuwa machache kiasi kwamba sikuhitaji kuandika.

Mama mkwe aliruhusiwa kuingia saa za kuona wagonjwa tu. Alileta uji asubuhi na mchana, akaukabidhi, akauliza kama nimekunywa, akaenda kukaa nje. Nilikuwa namjibu neno moja moja. Mume wangu alipiga simu kutoka Tunduma, amekwama kwenye foleni ya malori, analia, nami nikamwambia asilie, aendeshe taratibu. Sikumwambia habari ya tarehe. Sikujua nianzie kwa nani, kwa mama yake au kwangu.

Siku ya tatu daktari wa Dopla wa pale hospitali alikaa kwenye kitovu muda mrefu. Niliangalia kioo na mimi. Pale palipokuwa patupu pameota kitu, meno madogo yanayoelekea chini. Damu ilikuwa haisimami tena. Ilikuwa inarudi nyuma.

Haikupita nusu saa, daktari bingwa alikuja kitandani kwangu na vijana wake watatu. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye sauti ya chini, na upole wake ulinitisha kuliko kelele. Alishika kadi mkono mmoja na barua mkono wa pili.

“Mama, nisaidie,” alisema. “Kadi inasema sasa hivi una wiki ishirini na nane na kidogo. Mashine inasema hivyo hivyo. Barua inasema thelathini na mbili. Kama ni ishirini na nane, kumtoa leo ni kumtoa mtoto mchanga mno, na ningependa nimvutie muda hata siku mbili tatu, kwa tahadhari, huku tunamwangalia. Kama ni thelathini na mbili, simwachi humo hata mpaka jioni. Sasa kadi iliandikwa ukiwa huna tatizo. Neno lako limekuja ukiwa umeshaogopa. Nishike lipi?”

“Shika neno langu.”

“Kuna mtu mwingine anayeijua hiyo tarehe?”

Kulikuwa na mtu mmoja, na tulikuwa hatujasemezana maneno kumi tangu Mbagala. Nilimwambia daktari mama mkwe wangu yuko nje. Akamtuma muuguzi amwite, ingawa haikuwa saa ya kuona wagonjwa.

Ule muda wa kumsubiri ndio mrefu kuliko yote niliyowahi kuishi. Nilimjua yule mama. Nilijua anavyoogopa macho ya watu. Wodi ile ilikuwa na vitanda nane, vyote vina watu, na mmoja wa wanawake wale alikuwa wa Chamazi, tumeshaulizana mitaa. Wote walikuwa wameacha kuzungumza. Angeweza kusema hakumbuki. Mtu mzima akisema hakumbuki, nani atambishia? Nilishika reli ya kitanda, nikaanza kusoma dua na kuikosea.

Aliingia na kikapu chake cha chupa ya uji. Daktari bingwa akamwamkia, “Shikamoo mama,” naye akaitikia “Marahaba” kwa sauti ndogo. Akaulizwa. Alitazama vitanda vyote, kimoja baada ya kingine. Akanitazama mimi. Akaweka kikapu chini.

“Mwanangu,” alimwambia daktari, “huyu hajaongopa. Mwongo ni mie.”

Daktari akaitazama kadi.

“Hiyo tarehe ya kwenye kadi niliitaja mie, yeye hakufumbua mdomo. Kumi la mwisho la Ramadhani, siku nne za mwisho, nilimpikia chakula cha mchana kwa mkono wangu. Alikula jikoni, mlango nikaufunga mie, maana nyumba ina mashemeji zake. Idi hakuswali. Tangu hapo hajaingia mwezini. Tunafua pamoja, uani, kamba yetu moja, mie ndiye naanua. Najua.” Akavuta pumzi. Kisha akainua kidevu, na nikamwona yule mama wa siku zote. “Na mwanangu wa kiume mfungo mosi wote, mwezi ule wa Idi, alikuwa nyumbani, gari lake lipo gereji. Kama na hilo mnalitaka, liandikeni.”

Daktari akamwambia asante mama. Akawageukia vijana wake, “Mwandaeni.”

Nilipelekwa chumba cha upasuaji nikiwa macho. Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikawa si yangu, wakasimamisha pazia la kijani mbele ya uso wangu. Nilisikia vyuma, nikasikia mtu anaomba pamba, nikahisi kuvutwavutwa kama godoro linalovishwa foronya. Kisha kimya. Kimya kile nilikuwa nakifahamu. Nilikuwa nimeshawahi kukisikia, na nikafumba macho kwa sababu nilijua kinavyoishia.

Ikatoka sauti. Haikuwa kilio cha kueleweka, ilikuwa mkwaruzo mdogo, kama bawaba ya kabati. Mtu akasema, “Wa kike, analia.” Nami nikalia kwa sauti kubwa, mwalimu mzima, bila aibu yoyote.

Alikuwa na kilo moja na gramu mia mbili. Kabla hawajamkimbiza kwenye mashine ya joto, muuguzi wa watoto wachanga alimsogeza karibu na uso wangu kwa nukta moja. Niliona paji la uso pana la mzee na mwili usiozidi kiganja na nusu. Muuguzi alikuwa anachunguza nyayo zake na masikio yake. “Nyayo zina mistari,” alimwambia mwenzake. “Huyu mdogo wa mwili, lakini mkubwa wa siku.” Daktari bingwa alikuwa ameshikilia kondo la nyuma kwenye beseni, dogo, lenye mabaka meupe kama ugali uliokauka, akasema kwamba lisingefika Jumapili. Ilikuwa Alhamisi.

Wiki tatu nilikaa kwenye wodi ile wanakowabeba watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mtoto amefungwa kanga kati ya matiti. Mama mkwe aliomba zamu, akapewa, kwa sababu mshono wangu ulichelewa kukauka. Mume wangu alifika, akamwona mwanawe, akaambiwa hadithi yote na wanawake wa wodini kabla sijajua niianzeje. Walimsimulia kwamba mama yake aliongopa na mkewe akasema kweli. Ndivyo hadithi ilivyokuwa imeshakaa, na kila aliyekuja aliisikia hivyo, nikasifiwa kwa ujasiri wangu. Mama mkwe alikuwa akiisikia amekaa pale pale, anatazama sakafu.

Mchana mmoja wodi ilikuwa tulivu, yeye amembeba mtoto, mimi nimelala kitanda cha pili nikimtazama. Mtoto alikuwa ameshafika kilo moja na nusu na ameanza kunyonya mwenyewe.

“Ningemuua,” mama akasema. Alisema taratibu, kama anayemwambia mtoto.

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo wiki tatu. Nilikuwa na la kulijibu, nimelinoa kila siku tangu kwenye lile benchi, lina sehemu ya kwanza na ya pili. Nikafungua mdomo nianze. Nikaona kile chumba cha Mbagala, kadi mkononi mwa daktari, na macho yake yakiniangalia mimi, si mwingine.

“Mie ndiye niliyeulizwa, mama,” nikamwambia. “Una uhakika nayo? Mie ndiye nikasema ndiyo.”

Hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo. Kisha akaanza kuifungua kanga, taratibu, kichwa cha mtoto amekishika kwa kiganja. “Haya mpokee,” akasema. “Mgongo umeniuma.”